Remorke ya jeshi iwe ghala na kambi ya njiani: pima kwanza, kitanda baadaye



Mvua ikianza mwezi wa 10, njia za Haut-Lomami zinageuka potopoto, na kila mkulima wa Kamina anajua kinachofuata. Safari ya siku moja inakuwa ya siku tatu. Mzigo unalala njiani, na mwenye mzigo analala nao. Anayesukuma kinga yenye magunia juu analala chini ya mti. Aliyepanda kamyo analala chini ya kamyo. Mama aliyeleta karanga zake stesheni kungoja treni analala juu ya magunia, kitenge kikiwa blanketi na paa pia.

Huko njiani ndiko mavuno ya mwaka mzima yanapotea. Kwanza kwa maji: gunia likinyeshewa usiku mmoja, mahindi yanaanza kuota kuvu. Pili kwa bei. Mchuuzi anakukuta umechoka, mawingu yamejaa, huna pa kuficha mzigo, anakuambia: "Papa, mvua iko inakuja. Uniuzie hapa hapa, ama uoneshe mahali utaweka." Huna la kujibu. Unauza.

Makala hii inazungumzia kifaa ambacho baadhi ya koperative zinakifikiria: remorke ya jeshi iliyochakaa, yaani trela la magurudumu mawili, inayonunuliwa na kutengenezwa upya ili ibebe mavuno katika njia mbaya na iwape watu mahali pakavu pa kulala. Huko Ulaya, Marekani na Afrika Kusini kuna watu wanaozitengeneza remorke hizi kwa matembezi ya porini tu: hema juu, jiko pembeni, tanki la maji chini. Sisi hatuna haja ya matembezi. Lakini kazi yenyewe ni ile ile, na mengi waliyojifunza yanatufaa. Mwenye pa kulala ndiye mwenye pa kungoja bei.

Kwa nini remorke ya jeshi?

Kamina ni mji wa askari tangu zamani. Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, Wabelgiji walijenga kituo kikubwa cha kijeshi na uwanja wa ndege nje ya mji. Miaka ya 1960 askari wa Umoja wa Mataifa walikaa pale, na leo ni kituo cha FARDC ambapo askari wapya wanafundishwa. Ndiyo maana vyuma vya jeshi si kitu kigeni machoni petu.

Faida ya remorke ya jeshi ni kwamba ilitengenezwa kwa njia kama zetu. Remorke nyingi za kiraia zinahesabiwa uzito wake kwa barabara ya lami. Zile za jeshi la Marekani zinahesabiwa kwanza kwa njia ya mashimo na porini. Remorke ndogo iliyovutwa na jipu wakati wa vita ya 1939–1945 iliruhusiwa kubeba ratili 500, yaani kama kilo 226, na bodi yake iliweza kuelea majini wakati wa kuvuka mto. Ya kati, inayoitwa M101, inabeba kama kilo 680 kwenye njia mbaya. Kubwa yake, M105, inabeba kama kilo 1,360, lakini hiyo inataka kamyo la kuivuta.

Faida ya pili ni namna inavyoungwa na gari. Remorke ya jeshi ina pete nene ya chuma mbele, na gari lina ndoano inayofungika juu ya pete ile. Gari likiinama upande huu na remorke ikainama upande ule, pete inazunguka ndani ya ndoano bila kuvunjika. Ile bakuli ya kiraia inayokaa juu ya mpira wa chuma haivumilii mashimo makubwa namna hiyo.

Hasara yake nayo tuiseme wazi. Chuma ni kizito. M101 tupu ina uzito wa karibu kilo 600. Kama koperative yenu ina trakta na mashamba yako karibu na ghala, remorke ya kawaida ya shamba inaweza kuwafaa zaidi. Ya jeshi inafaa pale ambapo mzigo unatoka mbali, njia ni mbovu, na watu wanalazimika kulala nao.

Karatasi kwanza, chuma baadaye

Mali ya jeshi ni mali ya Serikali mpaka siku Serikali yenyewe imeiuza. Mtu akikuletea remorke usiku, bei rahisi, bila karatasi, huyo hakuuzii remorke, anakuuzia kesi. Koperative ikikamatwa na mali ya Serikali isiyo na karatasi, inapoteza pesa na remorke kwa siku moja, na prezidenti wa koperative ndiye atakayeitwa kujibu.

Swali la kwanza la kamati liwe hili: "Papa, hii remorke iko na karatasi?" Karatasi yenyewe ionyeshe nani aliuza, nani alinunua, tarehe, na namba iliyopigwa kwenye chuma. Nenda ukatazame namba ile kwa macho yako, kwenye kibati au kwenye mhimili wa mbele. Namba ikiwa imekwanguliwa, rudi nyumbani. Misheni za Umoja wa Mataifa na mashirika makubwa nayo huuza vifaa vyao vya zamani kwa zabuni, na anayenunua huko anapewa karatasi zake.

Ukishainunua, badilisha rangi. Remorke ya kijani cha jeshi inayovutwa na raia italeta maswali kwenye kila barieri. Andika jina la koperative pande zote mbili kwa herufi kubwa.

Na jambo moja la uhai: chuma cha jeshi kilichokaa miaka porini au kwenye uwanja wa vyuma vikuukuu kinaweza kuwa na kitu ndani yake. Ukiona risasi, bomu la mkono au kitu usichokijua chini ya sakafu au ndani ya boksi, usikiguse, usikisogeze, usikipige picha kwa karibu. Waondoe watoto, weka alama mbali, na uwaite wenye mamlaka.

Kuikagua: nyundo, mkono na macho

Hauhitaji fundi mkubwa kujua kama remorke ni nzima. Unahitaji nyundo, jeki na saa mbili za mchana.

Lala chini yake utazame fremu, zile nguzo mbili ndefu zinazoshika kila kitu. Gonga kwa nyundo toka mbele mpaka nyuma. Chuma kizima kinalia kama kengele. Chuma kilicholiwa na kutu kinajibu kwa sauti nzito, na vipande vinaanguka. Kutu ya juu juu inapakwa rangi. Kutu iliyotoboa fremu karibu na springi au karibu na mkono wa mbele ni sababu ya kuacha kununua.

Inua gurudumu moja kwa jeki. Lishike juu na chini, ulitikise. Likicheza, beringi zimekwisha au zinataka kukazwa. Lizungushe kwa mkono. Likikwaruza, kuna mchanga au kutu ndani. Beringi zinafunguliwa zote, zinaoshwa kwa mafuta ya taa, zinapakwa grisi mpya, hata kama muuzaji anasema zilipakwa juzi.

Pine usizipime kwa macho peke yake. Pine ya jeshi iliyokaa bohari inaweza kuwa na meno mazima na bado imekufa. Kwenye pine nyingi, mwisho wa yale maandishi yanayoanza na DOT, kuna tarakimu 4: mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Ukisoma 2319, pine ile ilitoka kiwandani wiki ya 23 ya mwaka 2019. Ikipita miaka 10, hata ikiwa nzuri machoni, usiipakie mavuno ya watu. Na kama inawezekana, weka magurudumu yanayolingana na yale ya gari linalovuta. Hapo pine moja ya akiba inaokoa vyote viwili.

Taa nazo zina siri yake. Magari ya jeshi yanatumia umeme wa volti 24, magari mengi ya kiraia volti 12. Balbu za zamani zitawaka kama mshumaa unaokufa. Badilisha balbu zote ziwe za volti 12, na uweke vioo vyekundu nyuma vinavyong'aa vikimulikwa. Siku umeme utakapokatika njiani, vioo vile ndivyo vitakavyomwambia dereva wa nyuma kwamba mbele yake kuna kitu.

Hesabu ya kilo: hapa ndipo watu wanapotea

Tuchukue mfano. Koperative imepata remorke ya aina ya M101, inayobeba kilo 680 kwenye njia mbaya. Wanachama wamefurahi na wanataka kila kitu: kiunzi kizito cha chuma (kilo 45), bashi nene (20), kitanda cha mbao (35), boksi la vifaa (40), pipa la maji la lita 60 (kilo 65 pamoja na pipa lenyewe), pine ya akiba (35), jiko, sufuria na chakula (30). Jumlisha: kilo 270. Zinabaki 410. Remorke nzuri ya kulala imebeba magunia 4 tu ya kilo 100.

Sasa koperative hiyo hiyo ikubali raha kidogo. Kiunzi cha mabomba mepesi (25), bashi jepesi (15), ubao wa kukunja badala ya kitanda (20), maji lita 20 (22), pine ya akiba (35), vifaa vya lazima (20), sufuria na unga wa bukari (13). Jumla kilo 150. Zinabaki 530, yaani magunia 5 na nafasi kidogo. Tofauti ni gunia moja kila safari. Safari 10 ni magunia 10. Kila kilo ya raha ni kilo ya mahindi iliyobaki nyumbani.

Ndipo mtu atasema: "Chuma ni nguvu, tuongeze tu magunia matatu, si itabeba?" Itabeba siku ya kwanza. Springi hazivunjiki uwanjani mbele ya kamati, zinavunjika kwenye shimo, kilomita 40 kutoka kijiji chochote, na hapo magunia yote, siyo matatu tu, yanabaki kwa mchuuzi wa njiani.

Uzito wenyewe ukae mahali pake. Mkono wa mbele ubebe kati ya sehemu 10 na 15 kwa mia ya uzito wote. Mzigo ukielemea nyuma, remorke inaanza kucheza kama mkia wa mbwa, na gari linavutwa nje ya njia. Kujua hili hakuhitaji mashine. Chukua mizani ya koperative, ile mnayopimia magunia, weka tofali juu yake, kisha ushushe mkono wa mbele juu ya tofali, remorke ikiwa imepakiwa, iko sawa na ardhi, na magurudumu yamezuiliwa. Soma kilo, toa uzito wa tofali. Remorke yenye uzito wa jumla wa kilo 1,200 ioneshe kati ya 120 na 180. Ikionesha 60, sogeza magunia mbele. Ikionesha 300, sogeza nyuma.

Kisha breki. Remorke nyingi ndogo za jeshi zina breki ya mkono tu, ya kuzuia zikisimama. Njiani, gari la mbele ndilo linalosimamisha vyote. Ulaya, sheria inataka remorke yenye uzito wa jumla unaozidi kilo 750 iwe na breki zake yenyewe, na sababu ni hiyo. Remorke ya kilo 1,200 nyuma ya gari dogo, kwenye mteremko wenye utelezi, inalisukuma gari mpaka mtoni. Basi gari la kuvuta liwe zito na lenye nguvu, mwendo usizidi kilomita 30 kwa saa kwenye njia mbaya, na kwenye mteremko dereva ashuke kwa gia ndogo tangu juu, asingoje katikati. Minyororo miwili ipishane chini ya mkono wa mbele, ili ndoano ikifunguka mkono usiangukie ardhini.

Na wakati wa mwendo hakuna mtu juu ya remorke. Si mtoto, si mlinzi, si mama mwenye mtoto mgongoni. Kamati iandike sheria hii, dereva aisaini.

Kazi ya fundi

Fundi wa kuchomelea anaweza kufanya kiunzi cha bashi kwa siku moja. Mwambieni mambo manne.

Asichomelee springi wala pete ya mbele. Vyuma vile vina ugumu maalumu, na moto unauharibu bila kuonekana. Viunzi vya bashi vifungwe kwa bolti, ili vitoke wakati wa kubeba mzigo mrefu na ili kimoja kikivunjika kibadilishwe.

Rangi ya zamani ya jeshi inaweza kuwa na madini ya risasi na sumu nyingine. Isikwanguliwe kavu, ilowanishwe, fundi afunge pua na mdomo, watoto wakae mbali, na vumbi lisiangukie mahali pa kuanikia mahindi. Hali kadhalika vumbi la breki za zamani, kwa kuwa linaweza kuwa na asbesto inayoharibu mapafu. Lifutwe kwa kitambaa chenye maji, lisipulizwe kamwe.

Sakafu iwe na matundu madogo ya kutoa maji, na juu yake muweke fito au mbao ili gunia lisikae juu ya chuma kitupu. Usiku chuma kinapoa, kinatoa jasho, na gunia la chini linalowa bila mvua.

Bashi liwe na mgongo katikati, maji yateremke pande mbili. Bashi bapa linakuwa bwawa, na bwawa linapasuka saa nane ya usiku. Liwe na sehemu za kufungua mbele na nyuma ili hewa ipite.

Kabla ya safari ya kwanza na mzigo, mwende kilomita 10 na remorke tupu, msimame, muweke mkono kwenye kitovu cha kila gurudumu. Vuguvugu ni sawa. Ukishindwa kuacha mkono pale, beringi zimekazwa vibaya au hazina grisi. Rudini garaje.

Kulala na mzigo, na kuamka

Kambi nzuri inaanza kabla giza halijaingia. Chagueni mahali pa juu kidogo, pagumu, mbali na mkondo wa maji, mbali na mti uliokauka, na mbali na reli. Zuieni magurudumu kwa mawe au magogo pande zote mbili. Shusheni miguu ya kusimamia mbele na nyuma kabla mtu hajapanda. Remorke ya magurudumu mawili iliyofunguliwa kutoka kwa gari inaweza kuinuka mbele ikiwa watu wawili watakaa nyuma.

Chandarua chenye dawa kifungwe chini ya bashi. Mtego mkubwa wa njiani ni malaria, na anayeugua wiki mbili baada ya safari hahesabu gharama hiyo kwenye bei ya mahindi, ingawa ndiyo kubwa kuliko zote.

Sasa mambo mawili yanayoua bila sauti, na tunawaomba myasome kwa sauti mkutanoni.

La kwanza ni makaa. Usiku wa kiangazi, mwezi wa 6 na wa 7, baridi ya Kamina inauma. Mtu anaingiza mbabula ya makaa chini ya bashi, anafunga pande zote, analala. Moshi hauonekani, lakini makaa yanatoa hewa ya sumu isiyo na harufu. Hawaamki. Mbabula inabaki nje, sikuzote, hata kama mvua inanyesha.

La pili ni dawa ya vidudu. Vidonge vya kuwekwa ndani ya mahindi ili kuua fukusi, vile vya fosfidi ya alumini, vinatoa gesi vikipata unyevu wa hewa. Gesi ile inaua fukusi, na inamuua mtu vile vile. Anayelala juu ya magunia yenye vidonge, chini ya bashi lililofungwa, amelala ndani ya chumba cha sumu. Kuumwa kichwa, kutapika na kubanwa kifua ni dalili: toka nje haraka, ondoa kila mtu, tafuta daktari. Sheria iwe moja: mahindi yaliyotiwa vidonge hayapakiwi mpaka dawa imemaliza kazi na magunia yamepigwa hewa, na hakuna anayelala nayo. Njia iliyo salama zaidi kwa remorke ni mifuko ya tabaka tatu inayoitwa PICS. Mifuko miwili ya plastiki inakaa ndani ya gunia moja, inafungwa moja moja, hewa inakwisha ndani, na fukusi wanakufa bila dawa yoyote.

Mahindi yenyewe yawe makavu kabla ya kupanda remorke. Bashi linazuia maji ya nje, haliondoi maji ya ndani. Jaribio la chumvi linafanyika kokote. Chukua chupa safi, kavu, ya kioo. Tia punje za mahindi mpaka robo, ongeza vijiko viwili vya chumvi kavu, funga, tikisa dakika chache, acha itulie. Chumvi ikishika kwenye kioo, mahindi bado mabichi, yarudi juani. Chumvi ikianguka yote chini, pakia. Watu wanaoona jambo hili dogo wakumbuke yaliyotokea Kenya mwaka 2004, upande wa Makueni na Kitui. Mahindi yaliyohifadhiwa na unyevu yaliota kuvu wanaotoa sumu ya aflatoksini, watu 317 waliugua, na 125 walikufa. Kuchemsha bukari hakuondoi sumu ile.

Je, inalipa?

Hatuwezi kuwaambia ndiyo au hapana, maana bei za kwenu mnazijua ninyi. Lakini hesabu yenyewe ni ya karatasi moja, na katibu aifanye mbele ya wote.

Andikeni bei ya gunia kijijini siku ya mavuno, kisha bei ya gunia Kamina, au stesheni nyingine ya SNCC mnayoitumia, wakati wa njaa, Desemba mpaka Februari. Sehemu nyingi za Katanga ya zamani, miezi hiyo ndiyo bei inapanda, na ndiyo miezi njia zinapoharibika. Tofauti ya bei hizo mbili ni mali inayokaa katikati ya potopoto, ikimngoja mwenye uwezo wa kuifuata. Zidisheni tofauti ile kwa magunia 5, kisha kwa idadi ya safari mtakazofanya kweli, siyo mnazozitamani.

Upande wa pili andikeni bei ya remorke, fundi, pine, bashi, mafuta na kukodi gari, malipo ya dereva na mlinzi, ushuru wa njiani, na akiba ya kutengeneza vitakavyovunjika. Msisahau akiba ile. Vyama vingi vinanunua kifaa kwa pesa ya wafadhili na kukizika kwa kukosa pesa ya beringi mbili.

Upande wa kwanza ukizidi katika misimu miwili, jambo linafaa kufikiriwa. Ukihitaji misimu mitano, kodini kamyo pamoja na koperative jirani.

Nani atashika ufunguo?

Remorke ya wote inaharibika haraka kuliko ya mtu mmoja, kwa sababu ya wote haina mwenyewe. Kabla haijafika kijijini, mkutano mkuu uamue nani anaitunza, nani anapaka grisi na siku gani, mwanachama analipa kiasi gani kwa gunia, na foleni inapangwa vipi. Wamama wanaolima karanga na mihogo wapate zamu yao ikiwa imeandikwa, wasiambiwe kila mara "Mama, ungoja kidogo" mpaka mahindi ya wakubwa yote yamekwisha kwenda. Na daftari la safari likae ndani ya remorke: tarehe, kilo, aliyevuta, kilichovunjika.

Maswali ya mkutano wenu

1. Mwaka jana, magunia mangapi ya wanachama wetu yaliuzwa njiani kwa sababu ya mvua?
2. Gari gani la kuvuta tunaweza kulipata, na uzito gani linaruhusiwa kuvuta?
3. Fundi gani wa karibu anaweza kufungua beringi na kuchomelea vizuri?
4. Nani kati yetu ataukataa mzigo wa kupita kiasi, hata kama mwenye mzigo ni prezidenti?

Swali la 4 ndilo gumu. Jibuni hilo kabla ya kutoa franka hata moja.